Mwenye Kadi Yumo Ndani

"Mama, mwenye kadi hii hajafa. Ameingia dukani sasa hivi. Yumo ndani."

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Pazia, mkono mmoja umeegemea kaunta, mwingine umeshika cheti cha kifo cha mumewe. Najua mmenilaumu. Kuna mama mmoja alinikamata sokoni akaniuliza kama na mimi nilizaliwa na mtu. Nilizaliwa. Tuendelee.

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita: Bi Pazia ni mshona mapazia, na jina lake limetokana na kazi yake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtaa mzima ukimwita Fundi Baridi. Fundi amezikwa mwezi na ushei umepita. Duka la wanachama, lile kubwa ambalo bila kadi yao hununui hata kiberiti, likakata ada ya mwaka mpya kwenye akaunti ya mtu aliyekwisha kuwa chini ya udongo. Tena kila asubuhi simu ya marehemu inalia: Ndugu mwanachama, tumekukosa.

Bi Pazia amekuja mara ya tatu kuufuta uanachama huo na kudai pesa irudi. Safari hii kaja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mnadi wa mitumba. Shemeji huyo hana sauti ya chini.

"Yumo ndani?" shemeji alinguruma. "Kaka yangu nilimshusha kaburini kwa mikono hii!"

Dada wa kaunta, msichana mwenye miwani na mafua, aliitazama tena kompyuta yake.

"Kadi imesomwa mlangoni, baba. Na kadi haijitembezi."

"Kadi yake hii hapa." Bi Pazia alifungua pochi akaiweka mezani. Ilikuwa imekwaruzika, na pembeni ina alama ya grisi ya dole gumba.

"Hiyo ni ya kwanza, mama. Uanachama mmoja una kadi mbili."

"Ya pili ilipotea. Aliniambia mwenyewe."

Msichana alipenga kamasi, akakunja kitambaa chake vizuri, akakikunjua tena.

"Anayo mwanamke?" Bi Pazia aliuliza.

"Siruhusiwi kutaja mtu, mama."

"Sikutaka jina. Nimeuliza mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Mtu mzima au msichana?"

"Ni msichana." Sauti ilishuka. "Huwa anakuja na mtoto mgongoni."

Foleni nzima ikatazama dari, kama watu wanaojifanya hawasikii.

"Haiwezekani!" alisema shemeji. "Kaka yangu? Mtu aliyekuwa anachoka kubishana na mke mmoja, akatafute wa pili wa nini?"

Bi Pazia hakucheka wala hakulia. Alikuwa anajumlisha. Kila Jumanne Fundi Baridi alisema anakwenda kuangalia majokofu ya duka hili. Kila Jumanne alivaa shati safi. Nani huvaa shati safi kwenda kulala chini ya jokofu? Na zile peremende mfukoni, mtu asiye na jino la kutafunia!

"Leo Jumanne," alisema polepole.

Shemeji hakungoja zaidi. Alitimua mbio mpaka mlango wa kuingilia.

"Kadi," alisema mlinzi.

"Namfuata mtu aliyemo ndani!"

"Na mimi naufuata mshahara. Kadi."

Shemeji akarudi mbio kuichukua ile ya kaunta. Akaikuta imeshafika mkononi mwa meneja.

Meneja alikuwa bwana wa tai fupi na sauti laini, sauti ya kumlisha mgonjwa uji.

"Poleni sana kwa msiba," alisema. "Mama, masharti yetu ni kwamba uanachama unaotumika haurudishiwi ada. Na huu unatumika."

"Mwenyewe amezikwa."

"Kwa mujibu wa kompyuta, mama, yumo ndani ananunua."

Bi Pazia alimtazama yule bwana tangu kwenye tai mpaka kwenye viatu.

"Nilipokuja mara ya kwanza mliniambia mwenye kadi aje mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikajiuliza nikamfukue au vipi. Mara ya pili nikaleta cheti, mkaniambia mhusika wa vyeti yuko likizo. Leo mnaniambia mume wangu yumo ndani ananunua. Basi mwiteni! Mna vipaza sauti mpaka chooni. Mwiteni, mwambieni mkewe anamngoja kwenye kaunta ya malalamiko!"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akajuta. Wengine wakaanza kutoa simu kurekodi.

Meneja aliziona zile simu. Sauti ikazidi kulainika.

"Mama, tusifike huko. Wewe ni mjane wake, una haki. Ukitia sahihi hapa, kadi zote mbili zinafungwa papo hapo na pesa unaipata leo leo. Ila zikifungwa, hazifunguliwi tena."

"Mama," yule msichana wa kaunta aliingilia, "ungengoja kidogo atoke. Mtazame kwanza huyo m..."

Meneja alikohoa. Msichana akameza maneno yake pamoja na mafua.

"Ungoje nini, shemeji?" alisema mnadi. "Tia sahihi. Huyo mwizi wa waume za watu akwame na mzigo wake."

Mkono wa Bi Pazia umezoea kukata kitambaa cha watu kwa mkasi mkubwa bila kutetemeka. Ukatia sahihi.

"Sababu ya kufunga?" msichana aliuliza, vidole juu ya kompyuta.

"Andika amefariki," alisema Bi Pazia. "Na ufunge sasa hivi. Akwame mbele za watu."

Mdomo uliponza kichwa. Wahenga hawakukosea.

Walimwelekeza kwenye kaunta ya mwisho ya malipo, akangoje pesa yake huko. Alikwenda akasimama akiwa ameshapanga matusi yake kwa mafungu: ya kuanzia, ya katikati, na moja kubwa la kumalizia. Shemeji alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, tayari kwa mnada.

Hawakungoja sana. Kaunta ya jirani, iliyozibwa na rafu ya betri na pipi, ilianza zogo.

"Dada, kadi yako inakataa," alisema keshia.

"Jaribu tena. Labda ina vumbi."

"Nimejaribu. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

Keshia aliinama kwenye mashine, akasoma kwa sauti ileile anayosomea bei ya sabuni.

"Hapa wameandika, mwanachama amefariki."

"Nani amefariki?"

Matusi yote ya Bi Pazia yalikauka. Kuna sauti ambayo mama haikosei, hata ipite ukutani, hata ipite miaka.

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Chiriku, msomaji, ni binti yake wa pekee. Fundi Baridi ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu utotoni alikuwa haachi kuongea, hata usingizini. Alipokuwa mkubwa alikatiza masomo ya uuguzi akamfuata mwanamume mwenye mke wake. Siku hiyo Bi Pazia alirusha nguo zake barabarani na kuapa kwamba jina hilo lisitajwe tena chini ya bati lake. Fundi Baridi alinyamaza. Wote tulidhani amekubali.

Bi Pazia alisogea hatua moja, akachungulia pembeni ya rafu.

Binti alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Mgongoni, ndani ya mbeleko, mtoto wa kama mwaka hivi alikuwa anatafuna pindo la nguo. Juu ya kaunta palikuwa na makopo mawili ya maziwa, mkate na mche wa sabuni.

"Nani amefariki?" Chiriku aliuliza tena.

Keshia sasa alikuwa ameshaelewa alichokisoma. "Sijui, dada. Mashine ndiyo inasema."

"Basi mashine imekosea. Hii kadi ni ya baba yangu, na baba yangu yuko hai. Ana shughuli tu siku hizi."

"Wee mtoto!"

Huyo ni shemeji. Aliizunguka rafu kwa kishindo, betri zikaanguka.

"Huna haya! Unaambiwa baba yako amefariki, unakataa kuja kumzika, leo tunakukuta unakula kwa kadi yake!"

Chiriku aligeuka. Alipomwona, uso wake ulichanua kwanza. Tangu baba yake aache kuja, hakuwa ameonana na mtu wa kwao.

"Baba mdogo!" Kisha maneno yakamfikia. "Kumzika nani?"

"Usinichezee akili. Mama yako alikupigia simu. Alituambia wote pale msibani. Ulimjibu kwamba huna baba."

"Mimi?" Chiriku alisema. "Mimi sijapigiwa na mtu."

Mnadi wa mitumba aligeuka taratibu kumtazama Bi Pazia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilishuka.

"Shemeji?"

Bi Pazia alikuwa ameishika ile rafu ya pipi.

"Shemeji, ulimpigia au hukumpigia?"

Tulikuwa wengi siku ile ya msiba. Bi Pazia ameketi kwenye godoro, mashangazi wamemzunguka, wanauliza binti yuko wapi. Akawajibu, ameambiwa, amekataa. Wakaguna, wakalaani, wakanyamaza. Alijiambia atampigia kesho yake. Kesho yake akajiambia wageni wakiondoka. Wageni waliondoka.

"Sikumpigia," alisema.

Chiriku hakupiga yowe. Ningemsimulia kwa raha zaidi kama angepiga. Alikaa chini, pale pale sakafuni, taratibu, asije akamlalia mtoto.

"Lini?" aliuliza.

"Kabla ya mvua kuanza," alijibu shemeji, maana Bi Pazia hakuweza.

"Aliumwa?"

"Kifua. Hakukaa."

"Alinitaja?"

Shemeji alimtazama Bi Pazia. Hilo hakulijua yeye. Chumbani alikuwa mke peke yake.

"Alikutaja," alisema Bi Pazia. "Usiku wote alikuita. Nilisema anaweweseka."

Yule keshia alizima taa ya kaunta yake na kuwafukuza wateja kwa mkono waende kwingine. Wengi hawakwenda.

"Tulikuwa tunakutana humu," Chiriku alisema, akiongea na magoti yake. "Kila Jumanne, kule kwenye majokofu. Anaweka sikio kwenye jokofu, ananiambia, hili halimalizi mwaka, hili mota yake ina kikohozi. Mtoto anacheka. Alinipa hii kadi huyu alipozaliwa, nipate maziwa kwa bei nafuu. Akaniambia nisimpigie simu, atanipigia yeye, nyumba isije ikawaka moto."

Alishika ubavu, akavuta pumzi kwa shida.

"Alipoacha kupiga, nikasema mama amemkamata. Amemkataza. Nimekuja kila Jumanne, mama, nikakaa pale kwenye ubaridi mpaka mtoto anatetemeka, nakuchukia. Nimekuchukia vizuri, bila kupunguza. Kumbe mwenzangu yuko kaburini."

Bi Pazia alipiga magoti. Mkono wake ulitoka kwenda begani kwa binti, ukafika nusu ya njia.

"Mama wa marejesho!" iliita kaunta ya mwisho. "Mama wa marejesho, pesa yako tayari!"

Hakuna aliyesogea. Keshia wa kule akazileta mwenyewe, akampa Bi Pazia mkononi na kumwomba radhi kwa usumbufu.

Bi Pazia alizitazama zile noti. Aliinuka akazibwaga zote juu ya kaunta, kando ya mkate.

"Lipa hapa. Maziwa ya mtoto, sabuni, kila kitu. Ongeza na makopo mengine."

Keshia alikuwa karibu kulia. "Mama, siwezi kuuza bila kadi. Mashine haifunguki."

"Basi ifungueni kadi!"

Meneja alikuwa ameshafika. "Nilikueleza, mama. Ikifungwa haifunguliwi. Binti anaweza kujiunga upya. Ada ni ile ile, na maombi yanachukua siku chache."

"Mtoto atakunywa maombi?" alisema shemeji.

Mwanamke mmoja mnene, toroli lake limejaa vyakula vya hoteli, alipenya katikati ya watu akatupa kadi yake mezani. "Weka kwenye yangu. Haraka, kabla sijamtukana mtu."

Chiriku alinyanyuka. Alimshukuru yule mama kwa adabu, kama alivyofundishwa nyumbani kwao. Akalipa kwa pesa iliyokuwa imefungwa kwenye pindo la nguo yake. Maziwa na mkate alichukua. Ile sabuni aliiacha. Noti za mama yake hakuzigusa.

Kisha akatoka.

Bi Pazia alimfuata mbio, noti zimejaa kiganjani, mpaka nje kwenye maegesho, pale wanapopanga matoroli. Shemeji alimfuata Bi Pazia.

"Mwanangu, simama! Twende nyumbani."

"Nyumba ipi?"

"Basi nikuonyeshe alipolala baba yako. Hilo tu."

Chiriku alisimama. Jua lilikuwa kali, akaweka kiganja juu ya macho ya mtoto.

"Nitakwenda. Si leo. Kesho asubuhi nalazwa."

"Unalazwa wapi?"

"Nina uvimbe tumboni. Daktari amesema nikichelewa tena, nisimlaumu mtu. Mume nilishaachana naye. Baba ndiye alikuwa amchukue mtoto."

"Ampeleke wapi?"

Chiriku alimtazama mama yake sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Kwako. Ndivyo alivyopanga. Alisema siku nikilazwa ataingia naye mlangoni, atakuambia kila kitu. Alisema, mama yako ana maneno makali, lakini akishamshika huyu mikononi, basi, yamekwisha. Alikuwa ana uhakika kweli. Nilimcheka."

Bi Pazia hakujua kwamba noti zimemtoka mkononi. Shemeji ndiye aliyeinama kuziokota, maana upepo ulishaanza kuzichukua.

"Nipe," alisema Bi Pazia. "Mwanangu, nipe mjukuu wangu."

Akanyoosha mikono.

Chiriku aliifungua mbeleko. Alimshusha mtoto, akamfuta udenda, akambusu kwenye utosi, akabaki hapo muda, pua imezama kwenye nywele. Kisha akampita mama yake, akaenda moja kwa moja kwa shemeji.

"Baba mdogo, mchukue wewe."

"Mimi?" Mnadi alimpokea mtoto kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. "Mimi najua kunadi suruali!"

"Utajifunza. Maziwa haya hapa. Hapendi yakiwa moto." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mama asimguse. Asimwoshe, asimlishe, asimbebe. Mpaka nitoke."

Alijifunga mbeleko tupu kiunoni, akakaza fundo.

"Nikitoka."

"Lakini mwanangu," shemeji alibabaika, "mimi mwenyewe tangu msiba nalala sebuleni kwa mama yako. Sina pengine."

"Basi mtunze humo humo sebuleni. Mama anajua kushika kiapo. Safari hii ashike na hiki."

Aligeuka akaondoka, mkono mmoja umeshika ubavu. Hakutazama nyuma mpaka alipopotea nyuma ya malori ya kushusha mizigo.

Mtoto alimtazama shemeji. Alimtazama vizuri, masharubu, pua, meno. Akaangua kilio.

Shemeji alimtikisa, akampulizia, akamwimbia bei za mitumba. Wapi! Mtoto alijipinda kiuno, akageuka, akamwona mwanamke aliyesimama pale. Mwanamke mwenye paji la uso la mama yake, macho ya mama yake, mdomo uleule.

Akamnyooshea mikono yote miwili.

Bi Pazia aliipeleka yake mgongoni. Aliifumbata huko nyuma, kidole ndani ya kidole, machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta.

"Anakulilia wewe, shemeji," alisema mnadi, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Nifanyeje?"